Miche Iliyorudi Nguvumali

Sakinabai wa dukani anasema yeye ndiye aliyeiona kwanza, na hataki mtu mwingine ajitwalie sifa hiyo. Anasema asubuhi ile alikuwa ndiyo kwanza anaondoa komeo la mlango wa duka lake hapa Nguvumali, hajatoa hata gunia la viazi nje, akaona miche ya bilinganya inakuja kwa miguu kutoka upande wa barabara kubwa. Ilikuja kwa mstari, midogo mbele, mikubwa nyuma, kila mmoja umeinua mizizi yake na bonge lake la udongo kama mwanamke anayeinua kanga asichafuke na matope. Bajaji ilipopita ikajibana ukutani. Ilipofika kwenye baraza la duka ikasimama kupumzika. Sakinabai anasema aliichotea maji kwa kopo, ikanywa, ikaendelea na safari. Miche ya nyanya ilipita baadaye sana, ikitweta, kwa sababu nyanya haina kifua cha mwendo mrefu.

"Haina adabu lakini," alimwambia Yudith, Yudith alipokwenda kununua kiberiti. "Imekunywa maji yangu, imeondoka. Salamu hakuna, kwaheri hakuna."

"Itakuwa ilikuwa na haraka, Bai," alisema Yudith. "Imefika salama. Nimeikuta kitaluni."

Na kweli ilikuwa imefika. Yudith alipofungua mlango wa uani, fagio mkononi, aliikuta imekwisha kujipanga kitaluni, kila mche kwenye shimo lake lilelile, umejifukia mpaka shingoni, majani yamelegea kidogo kwa uchovu. Tangu siku ya kugawa miche, kitalu kilikuwa kitupu. Watu wa mtaa walikuwa wameichukua miche yote, wameipanda kwao, wameimwagilia, wameizungushia miiba kwa ajili ya kuku. Yudith aliegemeza fagio ukutani, akainyunyizia maji, akaendelea kufagia. Kurudi kwa miche hakukumsumbua. Kilichomsumbua ni kwamba kama miche imerudi, basi yeye haendi Moa.

Moa ndiko aliko mumewe. Daniel anafanya kazi kwenye mashamba ya chumvi, huko karibu na mpaka, na baada ya harusi alitangulia kwenda kumtengenezea mkewe chumba. Chumba kilikwisha zamani. Kina mlango, kina kitanda, na nyuma yake kina kiwanja cha kutosha matuta kadhaa. Lakini mama yake Daniel, ambaye jina lake ni Elizabeti na watu wote humwita Mama Daniel, alisema bi harusi asiondoke kabla miche haijashika, maana masika iko mlangoni. Hiyo ilikuwa masika ya kwanza. Masika iliyofuata akasema vilevile. Mtaani walikuwa bado wanamwita Yudith bi harusi, ingawa watoto waliozaliwa mwaka wa harusi yake walikwisha kujua matusi. Na mkwe haondoki nyumbani kwa mama mkwe bila ruhusa. Hilo Yudith hakuhitaji kuambiwa. Kwao milimani mtu huzaliwa analijua.

Mama Daniel alikuwa na mkono. Kuna watu wana mkono wa moto, wakigusa mbegu inaungua ardhini. Kuna wenye mkono wa baridi, na wa Mama Daniel ulikuwa baridi kuliko yote. Marehemu mumewe, aliyeshuka kutoka Lushoto kuja kukata mkonge, alikuwa akisema mke wangu huyu akichomeka mwiko ardhini, kesho tunachuma miko. Nguvumali nzima ilikubali, wa kanisani na wa msikitini. Kila mwaka joto la Machi likizidi na watu wakianza kutazama mawingu, walikuja uani kwake siku ya kufungua kitalu. Mama Daniel aliketi kwenye kiti, akasali, akainama kwa kujitahidi, akachukua mbegu moja akaididimiza kwa kidole. Watu wakasema amina. Chai ikapita. Kisha Mama Daniel akaingia ndani kupumzisha magoti, na Yudith akabaki na mbegu zilizosalia, yaani zote.

Ile mbegu ya kidole ilikuwa haioti, kwa sababu Mama Daniel aliizamisha urefu wa kidole kizima. Yudith alipanda nyingine juu yake, kwa heshima.

Kazi yenyewe ilianza mapema kuliko siku ya chai. Yudith ndiye aliyechagua nyanya ya kuachwa iive mpaka ipasuke, akaikamua mbegu kwenye majivu, akaianika kivulini. Mbegu za bilinganya na za ngogwe, yaani nyanya chungu, alizitia majini, zilizoelea akawapa kuku, zilizozama akazitunza. Alichekecha udongo na samadi ya mbuzi iliyokwisha kupoa. Alikusanya makuti makavu akayachoma juu ya kitalu ili wadudu wa ardhini wafe kabla hawajapata mlo. Alichora mistari kwa kijiti, akadondosha mbegu kwa ncha za vidole kama anayetia chumvi kwenye mboga ya mgonjwa, akafunika kwa nyasi. Asubuhi na jioni alinyunyiza maji kwa kopo lililotobolewa. Mbegu zilipochomoza, bado zimevaa maganda yao kichwani kama kofia, aliondoa nyasi, akajenga kichanja cha kivuli, akakaa akizitazama. Kukaa akitazama alikuwa anakuweza sana. Alimaliza darasa la saba akiwa mtoto ambaye mwalimu alimsahau darasani mara mbili kwa jinsi alivyotulia.

Basi asubuhi ile Mama Daniel alitoka uani, kitenge begani, akaitazama miche iliyorudi.

"Kuna mtu ameshukuru," alisema.

Maana sharti la mche ni hilo: haushukuriwi. Ukipewa mche unaupokea, unageuka, unaondoka, hutazami nyuma. Ukisema asante umeukata. Ndiyo sababu siku ya kugawa miche watu wa Nguvumali, ambao mwaka mzima hushukuriana hata kwa kupishana njiani, hutoka uani kwa Mama Daniel wameinamisha vichwa, kimya, kama wezi.

Mtu wa kwanza kufikiriwa alikuwa Mzee Nehemia. Mzee huyu alipiga kengele kwenye shamba la mkonge mpaka alipostaafu, na kwa kushukuru alikuwa hana mfano. Bodaboda ilipata kumrushia maji ya dimbwi, akaishukuru kwa kumkosa. Aliitwa uani mchana uleule. Watu walikwisha kukaa.

"Mzee Nehemia, shikamoo."

"Marahaba, Mama Daniel."

"Ulishukuru?"

"Sikushukuru. Nilikohoa."

"Ulikohoa namna gani?"

Mzee Nehemia alikohoa ili wasikie. Watu wakasikiliza kwa makini. Mmoja akamwomba arudie.

"Kikohozi hicho kina shukrani ndani yake," alisema Sakinabai.

"Bai, usinionee. Nina kifua tangu enzi za mkonge."

"Basi kifua chako kina adabu kuliko wewe. Sisi wengine tumepata hasara. Pilipili yangu ilikuwa ya achari ile!"

Wakakubaliana kugawa upya. Mzee Nehemia aliamriwa kujaza maji mdomoni kabla ya kupokea mche, asiyateme mpaka afike langoni kwake. Alifanya hivyo. Walioishi njiani walimwona akipita na mashavu yamevimba, wakamwamkia, akawaitikia kwa nyusi.

Miche ilirudi tena. Safari hii haikukawia, kwa sababu njia ilikwisha kuijua. Ilikatisha kwenye uwanja wa mpira. Pilipili za Sakinabai zilitangulia, na miche ya Mzee Nehemia ilikuwemo. Mzee alidai aombwe radhi mbele ya watu. Akaombwa. Akashukuru kwa hotuba ndefu, hapakuwa tena na wa kumzuia.

Miche ya ngogwe ilichelewa kidogo, kwa sababu ilikuwa imepelekwa mbali, Raskazone kule baharini, kwa Anastazia, binamu yake Mama Daniel, ambaye anapika kwenye moja ya zile nyumba kubwa za zamani. Ililetwa na Idarusi wa bodaboda. Idarusi alisema ilimsimamisha barabarani, akasimama, ikapanda. Haikumkaba kiuno, na kwenye matuta ya barabarani haikupiga kelele. Kwa maoni yake abiria wengi wangejifunza kwayo.

Jumapili mwinjilisti alitangaza kanisani, baada ya tangazo la ndoa na lile la viti vya kikundi cha akina mama. Alisema wenye miche wafunge malango vizuri, na wenye pikipiki wawe waangalifu. Akaendelea na somo.

Usiku wa Jumapili hiyo Daniel alipiga simu.

"Nimesikia miche imerudi," alisema.

"Imerudi."

"Yote?"

"Yote. Ngogwe imekuja na bodaboda."

Nyuma ya Daniel kulisikika redio ya mtu.

"Kiwanja nimekwisha kukilima," alisema. "Mvua ya kwanza imenyesha huku. Udongo umelainika, ukitia kidole kinazama chenyewe. Sasa wewe unakuja lini?"

"Mama amesema ikishashika."

"Na mimi je?"

"Wewe ulikwisha kushika, Daniel. Ndiyo maana hakuna anayekumwagilia."

Daniel alicheka, halafu akaacha. "Lakini hiyo miche yenyewe inaondoka tu. Haiombi ruhusa kwa mtu."

"Miche haina mama mkwe," alisema Yudith.

Ikagawiwa mara ya tatu. Ikarudi kama mara ya pili. Mwishowe watu waliona aibu kuichukua. Mtu anapokuja kwako akaondoka, akaja akaondoka, mwisho unaanza kujinusa.

Hata hivyo mara ya nne walijaribu, na siku iliyofuata Anastazia aliugua homa. Mama Daniel akamtuma Yudith ampelekee uji wa ulezi. Yudith alifunga chupa ya uji kwenye kanga, akapanda bodaboda ya Idarusi mpaka Raskazone. Siku hiyo Sakinabai alikuwa amekaa barazani na makopo ya maji, tayari, kwa kuwa alikwisha kuona heri ajiandae. Miche ilitokea saa yake. Lakini badala ya kunywa, ilisimama mbele ya duka, ikatulia, majani yakageukageuka kama mtu anayetafuta upepo unatoka wapi. Kisha ikageuka yote kwa pamoja, ikashika njia ya baharini.

"Mmepotea!" Sakinabai aliipigia kelele. "Kwenu huku!"

Haikumjibu. Akafunga duka akaifuata kwa bajaji.

Kwenye nyumba anakopika Anastazia kuna mlinzi aitwaye Sadalla, mtu makini na kazi yake. Alipoona miche imesimama langoni aliiuliza inamtaka nani. Ikanyamaza. Akaitazama ilivyoelekeza vichwa vyote upande wa jikoni, akaingia ndani, akabisha hodi.

"Dada Yudith, una wageni nje," alisema. "Ni wengi. Sijui kama watatosha sebuleni."

Yudith alitoka na kijiko cha uji mkononi. Miche ilikuwa imejipanga kwenye kivuli cha ukuta, na alipotokea tu majani yake yaliinuka kidogo, kama watoto wa shule mwalimu anapoingia. Aliiuliza kama imekunywa maji. Sakinabai alikuwa ndiyo kwanza anashuka kwenye bajaji, akaona jinsi miche inavyomgeukia Yudith kila anaposogea, akienda kushoto nayo kushoto, akienda kulia nayo kulia. Akaketi kwenye kiti cha Sadalla.

"Kumbe," alisema, na hakusema zaidi mpaka Nguvumali.

Njiani kurudi, ndani ya bajaji, kikapu cha miche kwenye mapaja, Yudith alikuwa na moyo mwepesi. Si kwamba alitaka kusifiwa. Sifa angeiweka wapi? Lakini aliona jambo limekwisha kujulikana bila yeye kulisema, na jambo likijulikana hupata njia yake. Mama Daniel atafurahi, au ataona haya. Kwa vyovyote vile atasema basi, mwanangu, umefanya ya kutosha, nenda kwa mumeo. Yudith alikwisha kuanza kufikiri atabeba mbegu gani, na kama ngogwe itakubali udongo wenye chumvi.

Jioni uani palijaa. Mama Daniel alikuwa ameketi na ungo wa mchele mapajani, anachagua mawe.

"Mama Daniel," alisema Sakinabai, "mimi ni mtu wa duka, sizungushi maneno. Mkono si wako. Mkono ni wa bi harusi. Miche inamfuata yeye. Nimeiona kwa macho yangu, Sadalla shahidi, Idarusi shahidi."

Watu wote wakamtazama Mama Daniel. Yudith aliinamisha kichwa. Mama Daniel akaokota jiwe moja, akalitupa, akaokota jingine.

"Sasa nyinyi mlidhani mimi ndiye napanda?" alisema. "Na magoti haya?"

Akamgeukia Sakinabai.

"Bai, nikuulize. Huyu ni nani wangu?"

"Ni mkwe wako."

"Mkono wa mkwe wa nani?"

Sakinabai akaanza kukunja vidole kama anayepiga hesabu ya dukani.

"Mungu alinichosha magoti," alisema Mama Daniel, "akanipa mkono mwingine ulio mbali kidogo na bega. Ni mkono wangu huohuo. Mnaona ajabu gani?"

Watu waliligeuza neno hilo, wakaona lina maana. Mzee Nehemia ndiye aliyelifunga. Alisema yeye kwenye mkonge alipiga kengele miaka nenda rudi, na hakupata kumwona mwenye shamba akikata jani hata moja. Lakini ulizeni mkonge ulikuwa wa nani. Alisema hivyo bila ubaya wowote. Watu wakatikisa vichwa, hivyo ndivyo. Yudith peke yake alikuwa anatazama chini, ambako miche ilikuwa imetoka kikapuni na kumzunguka miguuni.

Baada ya hapo dawa ikawa rahisi, hata walishangaa kwa nini hawakuifikiria mapema. Kama miche haikai isipokuwa alipo Yudith, basi Yudith akae ilipo miche, bustani moja baada ya nyingine, mpaka ishike. Mama Daniel mwenyewe ndiye aliyepanga zamu, kwa haki, wajane kwanza.

"Na Moa, mama?" aliuliza Yudith watu walipoondoka.

"Ikishashika, mwanangu. Watu wanatutegemea."

Yudith akaanza kukaa. Alikaa kwa Mzee Nehemia kwenye kigoda katikati ya matuta, toka umande mpaka machweo. Miche ilitulia kabisa. Tatizo lilikuwa moja, kwamba iliinamia upande wake, ikakua kombo.

"Bi harusi," Mzee Nehemia aliita kutoka dirishani, "hebu hamia upande wa mbaazi. Bilinganya zinaanza kibiongo."

Yudith akahama. Mchana akarudi upande wa pili. Kwa hiyo zikanyooka. Mzee akamshukuru sana, maana yeye si mche.

Kwa Sakinabai alikaa juu ya paa, kati ya makopo ya pilipili. Kulikuwa na jua kali, Sakinabai akamjengea kichanja kidogo cha makuti. Majirani wakaona ni wazo zuri, kila bustani ikawa na kichanja chake. Jua lilipozidi, walimnyunyizia maji mabegani. Jioni walimnyunyizia tena. Mama mmoja, mwenye moyo mzuri, alimwaga majivu kuzunguka kigoda ili konokono wasimpande. Chakula aliletewa, na maneno mazuri aliletewa. Watoto walikatazwa kumrukaruka.

Masika ikakaa sawa. Mvua ilinyesha Nguvumali kwa namna ambayo kila kilichopandwa kilikunywa kikashiba. Nyanya zikafunga, bilinganya zikang'aa, ngogwe zikaning'inia kama hereni. Watu walichuma, na walichokichuma cha kwanza walimpelekea Mama Daniel kwenye ungo, wakimwambia mama, mkono huo una baraka. Naye aliwapokea. Aliwaambia si yeye, ni Mungu.

Wa mitaa mingine wakasikia. Mke wa fundi cherehani akaja na mbegu za bamia. Kikundi cha akina mama kikaomba wiki moja. Hata mwenye ile nyumba ya Raskazone alimtuma Sadalla aulize kama yule dada angeweza kukaa kwenye bustani ya waridi, kwa kuwa waridi nalo lina tabia ya kutoroka. Mama Daniel akasema awamu ijayo.

Ilikuwa kwenye bustani ya bamia Yudith alipoanza kuona uzito wa kunyanyuka. Alivuta mguu, mguu ukatoka na kisauti kidogo, kama unapong'oa kitunguu. Katikati ya vidole palikuwa na mizizi myembamba, myeupe, laini. Haikuuma. Akaisugua kwa jiwe wakati wa kuoga, ikatoka. Kesho yake ikaota tena. Akawa anaisugua kila jioni, kama vile wengine wanavyosugua magaga. Sakinabai aliiona siku aliyomletea chapati bustanini.

"Hiyo usikate na kisu," alimwambia. "Ukikata inaota mara mbili. Mimi najua, nina mrehani."

"Sikati, Bai. Nasugua tu."

"Na Daniel anasemaje?"

"Anasema matuta yameota majani."

Sakinabai alikuwa mtu wa duka, hakuzungusha maneno, lakini siku hiyo aliyapata machache. "Kula chapati, ingali moto," alisema, akaenda zake.

Bamia zikashika. Yudith alizivuta moja moja taratibu, kujaribu, na zote zilikataa kung'oka. Hapakuwa na bustani nyingine kwenye zamu. Alirudi nyumbani mapema alasiri, akaoga, akasugua miguu mpaka ikawa myekundu, akavaa gauni lake la kanisani. Begi lake lilikuwa tayari tangu mwaka juzi. Alilikung'uta vumbi tu. Idarusi alikuwa amekubali kumpeleka mpaka stendi, na alikuwa nje, anafuta kioo cha pikipiki, hana haraka.

Mama Daniel alikuwa uani karibu na mtungi, anajichotea maji ya kunywa. Yudith akavua ndala kwa heshima, akasimama mbele yake miguu mitupu kwenye udongo uliolowana na mvua ya usiku. Alikuwa ameyapanga maneno siku nyingi, lakini yaliyotoka yalikuwa machache.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Umependeza."

"Mama, miche imeshika. Kwa Mzee Nehemia imeshika, kwa Bai imeshika, bamia nazo zimeshika. Hakuna uliobaki." Akanyoosha gauni. "Naomba ruhusa yako niende kwa mume wangu."

Mama Daniel alimtazama usoni, akayashusha macho kwenye gauni, akayashusha mpaka miguuni. Nje Idarusi alipiga honi mara moja, kwa adabu. Yudith alisubiri. Alihisi udongo wa uani ukiwa wa vuguvugu chini ya nyayo, na vidole vyake, bila yeye kuviamuru, vikijikunja kidogo ndani yake.

Mama Daniel akachota kata nyingine ya maji mtungini. Akainama, polepole kwa sababu ya magoti, akayamwaga kuzunguka miguu ya mkwewe, kidogo kidogo, huku ameyakinga kwa kiganja ili yasichimbe udongo.